Mbwa Akichechemea Ghafla: Tazama Kwanza, Shika Baadaye



Tunapotembelea vikundi tumezoea kuulizwa juu ya mbuzi wa maziwa, kuku wa kienyeji, mizinga ya nyuki na mikopo. Ni mara chache sana mtu huuliza juu ya mbwa. Mbwa haandikwi katika daftari la kikundi, wala hakuna anayemhesabu kama mali. Lakini usiku ukiingia, ni nani anayelinda hao mbuzi na kuku? Fisi akikaribia zizi, au mwizi akiruka ua, ni nani anayetangulia kupiga kelele?

Tumeandika makala haya kwa sababu ya mambo mawili tuliyoyakuta katika vikundi viwili jirani, huku kwetu sehemu kavu za Ukambani.

Katika kikundi cha kwanza, mbwa wa mzee mmoja aliamka asubuhi akichechemea mguu wa mbele. Kila alipoguswa alilia, na mara moja akamwonyesha mtoto meno. Majirani wakasema, "Huyo ameshikwa na kichaa!" Vijana wakampiga kwa mawe na rungu mpaka akafa. Walipokuwa wakimpeleka kumzika, mmoja akaona kitu kati ya vidole vya ule mguu. Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole gumba, umezama karibu wote. Mzee alibaki bila mlinzi wa mbuzi wake, na sababu ilikuwa mwiba tu.

Katika kikundi cha pili, mbwa alianza kuburuta mguu wa nyuma. Mama mwenye boma alifikiri amegongwa na bodaboda. Kijana wake wa miaka 9 akamshika akitafuta mwiba, asiupate. Kesho yake taya la mbwa lilikuwa limelegea na mate yanatiririka. Wakadhani amekwamwa na mfupa, basi yule kijana akaingiza mkono mdomoni ili autoe. Hapakuwa na mfupa. Siku ya nne mbwa akafa.

Jioni ile mama mmoja wa kikundi, ambaye alikuwa amehudhuria mafunzo ya afya pale parokiani, akauliza swali moja tu: "Huyu mtoto ana mkwaruzo mkononi?" Alikuwa nao. Wakamwosha mkono kwa sabuni na maji mengi, wakampeleka hospitali usiku huo huo, naye akamaliza sindano zote. Afisa wa mifugo alipeleka kichwa cha mbwa maabara, na jibu likarudi kwamba kilikuwa kichaa kweli. Mtoto huyo anaendelea na masomo yake, tunamshukuru Mungu.

Mbwa wote wawili walianza kwa kuchechemea. Mmoja aliuawa bure, na mwingine karibu atupokonye mtoto. Makosa yote mawili yalitokana na kutenda kabla ya kutazama.

KUCHECHEMEA SI UGONJWA, NI ALAMA

Mtu akikohoa hatusemi ugonjwa wake ni kikohozi tukanyamaza. Twauliza: ni mafua, ni kifua kikuu, au ni moshi wa jikoni? Vivyo hivyo mbwa akichechemea. Mguu unatuambia kuna jambo, lakini hautuambii ni jambo gani. Linaweza kuwa dogo, kama ukucha uliopasuka. Linaweza kuwa la kuumiza, kama mfupa uliovunjika. Na mara chache linaweza kuwa la hatari kwa nyumba nzima. Kazi yetu ni kutafuta sababu, na kutafuta kwa utaratibu.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA KUTOKA MBALI

Usimkimbilie. Waondoe watoto, kisha simama hatua kumi hivi kutoka alipo, mwite kwa jina lake, mtazame anavyokuja. Jiulize maswali haya matano:

1. Je, ananijua? Anaitika, anatikisa mkia, anatazama kama kawaida yake? Au amebadilika tabia, anajificha gizani, anauma mawe na vijiti, anabweka kwa sauti ya ajabu?

2. Je, ni mguu mmoja, au miguu miwili ya nyuma imelegea na anajiburuta?

3. Je, mdomo wake uko sawa? Taya limelegea? Mate yanatoka ovyo? Anashindwa kumeza?

4. Je, anaukanyagia mguu kidogo, au hauweki chini kabisa? Mguu umekaa vibaya, unaning'inia?

5. Je, kuna habari yoyote? Aligongwa jana? Alienda kuwinda? Alipigana na mbwa asiyejulikana wiki au miezi iliyopita?

Ikiwa hujui ni mguu gani unaouma, tazama kichwa. Maumivu yakiwa mguu wa mbele, mbwa huinua kichwa kila mguu mbaya unapogusa chini, na hukishusha anapokanyagia ule mzima. Maumivu yakiwa nyuma, tazama nyonga: ule upande unaouma hupanda juu zaidi anapotembea. Hebu jaribuni kumtazama mbwa kwa njia hii siku ya mkutano, mtaona si vigumu.

IKIWA NI KICHAA CHA MBWA

Watu wengi wanafikiri mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, akimbie njiani akiuma kila mtu. Huyo yupo. Lakini kuna aina ya pili, ya upole, ambayo inatudanganya. Mbwa hulegea polepole. Wakati mwingine kulegea huanzia katika mguu ule ule aliong'atwa na mbwa mgonjwa, hata kama kidonda kilishapona na kusahauliwa. Kisha udhaifu unaenea, taya linalegea, sauti inabadilika, na mate yanatiririka kwa sababu hawezi kumeza. Mtu akimwona husema, "Maskini, amekwamwa na mfupa." Hapo ndipo mkono unapoingizwa mdomoni.

Virusi vya kichaa vimo katika mate. Huingia kwa kung'atwa, lakini pia kwa mate kugusa mkwaruzo, kidonda, jicho au mdomo wa mtu. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana tunasisitiza: mbwa aliyebadilika tabia, au anayeburuta miguu bila habari ya kugongwa, au aliyelegea taya, asishikwe na mtu yeyote, hata mwenyewe. Akiwa ndani ya ua, funga lango. Akiwa ndani ya chumba, funga mlango. Kisha mwite afisa wa mifugo, na umjulishe naibu wa chifu ili majirani waonywe. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu wala kumchuna, na usimtupe vichakani. Mngojee afisa, maana huenda akahitaji kupeleka kichwa maabara.

Mtu akiumwa au akiguswa na mate:

- Osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Weka saa, au sali Rozari makumi matano bila haraka. Kuosha huku peke yake kunaondoa virusi vingi.

- Tia ayodini au spiriti kama ipo. Usipake majani, mafuta taa, jivu wala pilipili. Usiombe kidonda kishonwe kabla mhudumu wa afya hajakichunguza.

- Nenda hospitali siku ile ile ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hizi sindano hudungwa mkononi au pajani, si tumboni kama wazee wetu walivyokuwa wakiogopa. Ni sindano kadhaa kwa siku mbalimbali, na ni lazima kuzimaliza. Kidonda kikiwa kibaya, mhudumu anaweza kuongeza dawa nyingine ya kinga inayodungwa penye kidonda chenyewe.

- Ikiwa mbwa aliyeuma yu hai na anaweza kufungiwa bila hatari, msimuue. Atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali! Nenda kwanza, na daktari ataamua kama sindano zisimamishwe.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa aliyetoka pembeni mwa Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kwa watu ifikapo mwaka 2030, na Machakos, Kitui na Makueni ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza nao. Kwa hiyo jambo hili ni letu hasa.

IKIWA MBWA YUKO SAWA, ILA ANACHECHEMEA

Sasa tuseme umemtazama, anakujua, anakula, mdomo wake uko sawa, ni mguu mmoja tu. Hapo waweza kumkaribia. Ashikwe na mtu mzima aliyemzoea, na watoto wakae mbali. Tukumbuke kwamba hata mbwa mpole kabisa anaweza kuuma akiumia, naye hana lingine la kusema.

Mfunge mdomo kwa kipande cha leso au bandeji. Kizungushe juu ya pua, ukivushe chini ya taya, ukifunge nyuma ya masikio. Usimfunge kwa muda mrefu, maana mbwa hupoa kwa kuhema na mdomo wazi. Wala usimfunge kama anatapika au anapumua kwa shida.

Kisha mkague kutoka chini kwenda juu. Anza na mguu mzima, ndipo uende ule mgonjwa, ili upate kulinganisha. Tazama wayo, kati ya vidole, kila ukucha, kifundo, goti au kiwiko, mpaka bega au nyonga. Gusa polepole. Tafuta joto, uvimbe, kidonda, harufu mbaya. Ukifika mahali anaposhtuka, hapo ndipo penyewe. Usiendelee kupafinyafinya.

Sababu tunazozikuta mara nyingi ni hizi:

Mwiba, kipande cha chupa au ukucha uliopasuka. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu. Osha wayo. Mwiba ukionekana, uvute kwa kibano ule ule upande ulioingilia. Osha tena, na umweke mahali safi pakavu. Rudia kuosha mara mbili kwa siku. Ukiona usaha au uvimbe unapanda, kuna kipande kimebaki ndani.

Kupe na funza. Kupe hupenda kujificha kati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute pole pole bila kumzungusha. Usimmwagie mbwa mafuta taa, na usimwogeshe kwa dawa ya josho iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe, maana inaweza kumuua. Kupe pia huleta homa: mbwa huchechemea leo mguu huu, kesho ule, hali chakula na ufizi wake ni mweupe. Huyo anahitaji daktari. Funza nao humwingia mbwa nyayoni kama wanavyotuingia sisi. Mkimtibu mtoto funza na mbwa analala mlangoni akiwa nao, mmefanya kazi nusu.

Mtego wa waya. Mbwa anayefuata paa vichakani hurudi na waya umemkaza mguu, na wayo umevimba kama mpira. Waya ukatwe mara moja kwa koleo. Hata kama anatembea baadaye, daktari amwone, maana nyama iliyokosa damu inaweza kuoza siku chache baadaye.

Nyoka. Uvimbe unaongezeka haraka, mbwa anatetemeka, analegea. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mbebe bila kumtembeza, na mkimbize kwa daktari. Usimtafute nyoka.

Kuteguka na kuvunjika. Ikiwa ameteguka kidogo, bado anakanyagia mguu. Mfunge kamba kivulini, na maji karibu, apumzike siku moja au mbili. Ikiwa mguu unaning'inia, umepinda, au mfupa unaonekana, amevunjika. Usijaribu kuunyoosha wala kuufunga vijiti, maana bila ujuzi utauumiza zaidi. Funika kidonda kwa kitambaa safi, mlaze juu ya ubao au gunia, mpeleke kwa wilbaro au pikipiki. Aliyegongwa na gari anaweza kuwa anavuja damu ndani ya tumbo ilhali sisi tunatazama mguu tu. Ufizi ukiwa mweupe au akihema kwa shida, msingoje asubuhi.

USIMPE DAWA ZA WATU

Hili tunalisema peke yake, kwa sababu linafanywa kwa moyo mwema. Mtu ana vidonge vya maumivu nyumbani, anamwonea mbwa huruma, anamtilia kimoja ndani ya ugali. Ibuprofen na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Paracetamol inaweza kuharibu ini na damu yake. Kipimo kidogo kwetu kinaweza kuwa sumu kwake. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, lakini itolewe na daktari wa mifugo. Nyumbani mpe kivuli, maji, na mapumziko.

LINI KUMWITA DAKTARI WA MIFUGO

Mwite siku ile ile ukiona: mguu haugusi chini kabisa, mguu umepinda, damu haikomi, uvimbe wa haraka, miguu miwili imelegea, au mbwa amebadilika tabia. Mengine yote, akipumzika siku mbili bila nafuu, mwite. Akipata nafuu kisha anaanza tena, mwite pia. Mwambie ukweli wote, hata kama mbwa ni mwindaji wa siri. Yeye hakuja kukushtaki.

KAZI YA KIKUNDI

Najua wengine watasema, "Hata sisi wenyewe hatuna pesa za hospitali, tutampa mbwa?" Ni neno la haki, na hatulidharau. Lakini mambo ya maana zaidi hayana gharama kubwa, na kikundi kinaweza kuyafanya vizuri kuliko mtu mmoja.

Kwanza, chanjo. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika eneo, kichaa hukosa njia ya kuenea. Mtoto wa mbwa achanjwe afikishapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka pia. Mara nyingi chanjo hutolewa bila malipo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwenyekiti na aende ofisi ya mifugo mapema akaulize, na katibu aandike orodha ya mbwa wote wa wanakikundi, nani amechanjwa na nani bado.

Pili, habari. Ulizeni leo ni hospitali gani iliyo karibu ambayo huwa na chanjo ya watu, kabla mtoto hajaumwa. Si kila zahanati inaiweka. Andikeni jina la hospitali na simu ya afisa wa mifugo, mbandike mahali mnapokutania.

Tatu, mfuko mdogo. Kila mkutano mkitenga kiasi kidogo, mtaweza kulipa nauli ya usiku ya mtoto aliyeumwa. Yule kijana tuliyemtaja alisafirishwa kwa pesa za kikundi. Bila hizo wangengoja mpaka asubuhi, na pengine asubuhi ingeleta sababu nyingine ya kungoja.

Nne, watoto. Wao ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaong'atwa zaidi na kuficha kwa kuogopa kuchapwa. Tuwaambie hivi: ukiumwa, sema. Hakuna atakayekupiga.

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri, mbwa alifuatana naye. Na Mtakatifu Roko, tunayemkumbuka tarehe 16 Agosti, huchorwa akionyesha kidonda cha mguuni huku mbwa akimletea mkate. Mbwa amekuwa mwenzetu wa safari tangu zamani. Tumtendee kwa huruma, lakini pia kwa akili: macho yatangulie, mkono ufuate.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu kuna mbwa wangapi? Ni wangapi waliochanjwa mwaka huu?

2. Mtoto akiumwa na mbwa usiku wa leo, tutampeleka wapi, kwa chombo gani, na kwa pesa za nani?

3. Tumewahi kuua mbwa kwa hofu, au kumshika kwa kutojua? Tulijifunza nini?

4. Nani kati yetu ataenda ofisi ya mifugo, na ataleta jibu siku gani?